Sheria itenganishe busaa ya nyumbani na sumu ya vichochoroni

KATIKA mataifa ya Magharibi, kujitengenezea bia nyumbani ni burudani ya wikendi. Mtu hununua kimea cha shayiri, hopsi na hamira, akachemsha jikoni, akasubiri majuma kadhaa, kisha akawaalika marafiki waonje.

Burudani hiyo ilipata nafasi kwa sababu sheria ililegezwa. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa watengenezao bia ya matumizi yao mwaka wa 1963. Nchini Marekani, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria ya aina hiyo Oktoba 1978. Nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi iliruhusiwa galoni 200, yaani takriban lita 757, kwa mwaka bila kutozwa ushuru. Hata hivyo, bia hiyo haiuzwi, na ruhusa haikugusa pombe kali ya kukenekwa.

Kinaya ni kwamba hapa Kenya ujuzi huo ni wa jadi. Magharibi mwa nchi, unga wa mahindi huvundikwa, ukakaangwa juu ya bati na kuchanganywa na kimea cha wimbi hadi ukawa busaa, ambayo wazee huinywa kwa mirija mirefu kutoka nyungu moja. Katika eneo la Mlima Kenya, muratina ya asali na matunda ya mwegea haikosi katika shughuli za posa.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010, iliyoasisiwa na aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, Bw John Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa. Lakini ilimtaka mtengenezaji awe na leseni, jambo lililo zito kwa mama mwenye nyungu mbili kijijini.

Hofu ya serikali ina msingi. Zaidi ya watu 130 waliangamia jijini Nairobi Novemba 2000, na wengine zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa Mei 2014. Februari 2024, watu wasiopungua 17 walifariki Kirinyaga. Ilielezwa kuwa kileo kilichowaua kilitokana na vielelezo vilivyotoweka katika kituo cha polisi.

Ila muuaji mkuu katika mikasa ya aina hii ni methanoli ya viwandani, ambayo walanguzi huitia katika vileo ili kuviongeza makali. Nafaka inayochacha nyunguni haitoi methanoli ya kiwango cha kuua. Kumwaga busaa, basi, hakumfikii mlanguzi wa kemikali.

Wapo watakaosema kuwa ulevi umevunja nyumba nyingi, na kwamba busaa ya matumizi ya nyumbani huishia kuuzwa. Hoja hiyo haipuuziki, kwani kuna akina mama wanaolipa karo kwa pato hilo. Hao wanahitaji leseni nafuu na ukaguzi wa karibu, kuliko misako isiyokoma.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la kutoa leseni za vileo. Mabunge yake yanaweza kushinikiza ruhusa ya kiasi kidogo cha busaa na muratina kwa matumizi ya nyumbani, bila kuuza wala kukeneka. Polisi nao watapata muda wa kuifuata methanoli kuanzia inakoagizwa hadi inakomiminwa.