Arobaini si ya kulala

Msomaji, huku kwetu Kwale, kuanzia Diani hadi Msambweni, mzazi aliyejifungua kwa upasuaji hutunzwa kwa mapenzi makubwa. Huambiwa alale, asinyanyue hata kikombe, mpaka arobaini iishe. Arobaini yenyewe siipingi. Ninachokipinga ni huko kulala.

Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya shavu la mguu. Mguu usipotembea, damu hutuama, na damu iliyotuama huganda upesi. Ujauzito na kidonda cha upasuaji huzidisha hatari hiyo, nayo haikomi siku ya kutoka hospitali, bali huendelea kwa wiki 6 hivi, yaani arobaini yote. Donge likichomoka mguuni likaziba mshipa wa mapafu, mgonjwa huweza kufa kwa dakika chache. Aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda yumo katika hatari iyo hiyo.

Kinga kubwa iko mikononi mwa wauguzi: kumwinua mgonjwa mapema, siku ile ile au kesho yake, ikiwa daktari hakukataza, kumhimiza apinde na kunyoosha vifundo vya miguu kila saa akiwa macho, kumpa maji ya kutosha akisharuhusiwa kunywa, kutomwekea mto chini ya magoti. Wenye hatari zaidi huongezewa soksi za kubana au sindano za heparini, ingawa sindano hizo hazimfai kila mtu.

Najua muuguzi mmoja wa zamu ya usiku hawezi kuitembeza wodi nzima. Ndiyo maana naona jambo hili liandikwe katika faili kama dawa na litiwe sahihi, lisiachwe kuwa hisani. Nawe uliyekaa kando ya kitanda, muulize muuguzi: leo mgonjwa wetu ananyanyuka saa ngapi?

Sasa neno kwa mabibi na mashangazi wanaokanda. Shavu la mguu mmoja likivimba, likiuma na kupata joto, tafadhali msilichue, maana donge laweza kuchomoka. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na akianza kutweta ghafla, akaumwa na kifua au kukohoa damu, msingoje kupambazuke, wala msimweke katika foleni ya feri ya Likoni kwa kutafuta hospitali kubwa ya Mombasa. Ingieni kwanza iliyo karibu, na mlangoni mseme amefanyiwa upasuaji lini.