Pwani ya Wengi na Ufagio wa Wachache

Katika mji wa Mombasa hakuna sikukuu ipitayo bila ya lawama. Krismasi, Pasaka na Idi zikisha, na umati uliokwenda kuoga katika Pwani ya Umma ya Jomo Kenyatta huko Bamburi, ambayo wengi huiita Pirates, ukirejea majumbani, mchanga hubaki umetapakaa chupa za plastiki, makumbi ya madafu, karatasi zilizofungiwa viazi karai na ndara zilizokatika kanda. Hapo husikika hukumu ile ile iliyokwisha kuzoeleka: watu hawa hawana ustaarabu, hawajui thamani ya bahari, pwani na izungushiwe ua, watu watozwe ada mlangoni, waingie wale tu wanaojua kujitunza. Hukumu hii hutolewa kwa wepesi mno, na aghalabu mwenye kuitoa ni mtu asiye na haja na pwani ile, maadamu anayo nyingine ya kwendea.

Hapana haja ya kumtetea mtupa chupa. Mtu aliyekula muhogo wake kwa pilipili na ndimu, akaiacha karatasi ipeperushwe na upepo, amekosa, na kosa lake halipungui kwa kuwa wenziwe elfu wamefanya kama yeye. Lakini kosa la mtu ni jambo moja, na hali ya mahali ni jambo jingine. Kulichukua la kwanza likawa ndiyo sababu yote ya la pili ni uvivu wa fikira.

Ushahidi hauko mbali. Mwenye shaka na aondoke penye umati, atembee mchangani mpaka afike mbele ya mahoteli. Bahari ni ile ile. Upepo wa kusi uletao mwani na takataka kutoka maji makuu hauchagui ua wa kuvumia. Wageni wa hoteli nao hula, hunywa, huvuta sigara na kusahau vitu vyao. Tofauti ni moja tu: alfajiri, kabla wao hawajaamka, mtu aliyeajiriwa amekwisha kupita na reki na toroli. Mgeni huamka akakuta mchanga umenyooka kama mkeka mpya, akadhani usafi ule umetoka katika tabia yake njema. Umetoka katika mshahara wa mfagizi. Mwondoe mfagizi huyo kwa muda wa wiki 2, kisha ustaarabu wa wageni upimwe.

Wanafunzi wa lugha watakumbuka kwamba neno pwani limezaliwa na kitendo cha kupwa. Pwani ni pale maji yapwapo, yaani ule ukanda ambao bahari huufunika na kuufunua mara 2 kila siku. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, imeutaja ukanda huo huo, ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa, ikaufanya kuwa ardhi ya umma, nayo Serikali ya Taifa ikapewa kuushika kwa amana ya wananchi. Lugha na sheria zimekutana mahali pamoja bila ya kushauriana. Basi hata mchanga ulio mbele ya hoteli si wa hoteli, ila hoteli huufagia kwa kuwa ina faida nao, na mwenye faida hangoji kukumbushwa.

Na umma, je, nani aufagilie? Hapa ndipo penye ugonjwa. Ardhi yenyewe i katika amana ya Serikali ya Taifa. Uzoaji wa taka, pamoja na utunzaji wa pwani za starehe, umewekwa na Jedwali la Nne la Katiba hiyo katika kazi za serikali za kaunti. Maji yaliyo mbele yake yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, nayo ina walinzi wake wa wanyama. Mazingira yana mamlaka yake, na utalii una wizara yake. Chupa moja iliyolala mchangani inaweza kuwa ya wakubwa watano kabla maji hayajajaa, na yakisha kujaa ikawa ya kasa, ambaye hakushirikishwa katika mgao wa madaraka. Waswahili walisema zamani kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawakuwahi kufikiri habari ya chombo ambacho kila nahodha angekiri kwa furaha kwamba usukani uko kwa mwenzake.

Wako watakaojibu kwamba sheria zipo, na ni kali. Zipo kweli. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, kwa faini iwezayo kufika shilingi milioni 4 au kifungo kifikacho miaka 4. Tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja vilikatazwa katika hifadhi, misitu na pwani. Lakini sheria hizi mbili hazikwenda njia moja. Ile ya kwanza ilimshika mwenye kiwanda na mwenye kuingiza mizigo bandarini pamoja na mwenye kubeba mfuko njiani. Kwa hiyo mfuko ulipotea madukani, na mtu hawezi kutupa asichopewa. Ile ya pili humngojea mwogaji mchangani, hali chupa hiyo hiyo huuzwa kwa halali ng'ambo ya barabara. Tajiri aliyeitengeneza amekwisha kupata faida yake. Mwenye duka amepata yake. Lawama yote humwangukia mtu wa mwisho aliyeishika, ambaye alikuwa na kiu.

Tena watu hufunzwa na wanayoyaona kuliko wanayoambiwa. Kwa miaka mingi taka za Mombasa zilimwagwa Kibarani, ukingoni mwa maji, kando ya njia kuu ya kuingia kisiwani, hata jaa lile likafungwa mwaka 2018. Kila mgeni na kila mtoto wa shule aliyepita pale alijionea mahali ambapo mji wenyewe uliona panafaa kuweka uchafu wake. Mtoto aliyekulia mbele ya jaa la serikali lililotazama bahari leo ni mtu mzima. Ikiwa naye huiona bahari kama pipa, mwalimu wake anajulikana.

Kuna na dawa nyingine ipendwayo sana, nayo ni siku ya kusafisha. Jumamosi ya tatu ya Septemba, siku ya kimataifa ya shughuli hiyo, watu huvaa fulana mpya, hugawiwa glavu, huokota kwa muda wa saa chache, hupigwa picha pamoja na magunia, kisha huenda zao. Wengi wao wana nia safi, wala haifai kuwadhihaki. Lakini maji hujaa zaidi ya mara 700 kwa mwaka, na kila yajapo yana lake la kuleta, pamoja na chupa zilizotupwa katika nchi za ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Usafi wa pwani ni kazi kama kazi ya jikoni: haina mwisho, haina sherehe, na asiyeifanya leo ataikuta kesho imekuwa maradufu. Kazi ya namna hiyo hutaka mwajiriwa, zamu, msimamizi na ujira wa kila mwezi. Mji ambao huwaachia watu wa kujitolea kazi ya ufagio haungethubutu kuwaachia kazi ya kukusanya kodi.

Ama ada ya mlangoni, hilo ndilo shauri baya kupita yote, kwa sababu limevaa nguo za busara. Njia za kushukia baharini ni chache katika mwambao ule, kwa kuwa viwanja vingi vimekwisha kuukingama. Kuweka mlango wa fedha mahali ambapo umma bado wapita bila ya kuulizwa ni kuwaambia watu wa Kisauni na Mishomoroni kwamba bahari waliyozaliwa kandokando yake ni ya kutazamwa kwa mbali. Methali husema mgeni aje, mwenyeji apone. Wageni wamekuja kwa zaidi ya nusu karne. Na mwenyeji atozwe ili aone mawimbi?

Fedha za ufagio haziwezi kusemwa kuwa hazipo. Mwaka 2019 bustani ya Mama Ngina ilijengwa upya, na Siku ya Mashujaa ya mwaka huo ikaadhimishwa hapo kwa fahari kubwa. Kujenga kuna siku yake ya kukata utepe. Kutunza hakuna, na labda hiyo ndiyo siri yote. Haya yanayotakiwa Bamburi hayana utepe: mapipa yanayomwagwa kabla hayajafurika, vyoo vyenye maji, bomba la kuogea chumvi, wafagizi wa zamu mbili siku za sikukuu, na ofisi moja yenye jina mlangoni ambayo raia aweza kuishitaki. Wauza madafu, wakodishaji wa mipira ya kuogelea, wapiga picha na wenye ngamia hutafuta riziki mchangani pale, na leseni zao ni fedha. Wana haki ya kuonyeshwa ni shilingi ngapi kati ya hizo zilirudi mchangani. Mama aliyepanda matatu na watoto watatu siku ya Idi hakuja kuomba bahari ya bure. Amekwisha kuilipia katika kila bidhaa yenye kodi aliyoinunua dukani. Akiuliza choo kiko wapi, asijibiwe kwa hotuba ya ustaarabu.