Salamu ya Muuguzi Si Hisani

Mwaka 2000 mjane mmoja wa mtaa wa mabanda wa Kibera, Nairobi, Tabitha Atieno Festo, muuguzi aliyekuwa amepoteza kazi, alimwomba mwanafunzi Mmarekani aliyeitwa Rye Barcott mtaji wa kuuza mboga. Akapewa dola 26. Barcott akaenda zake chuoni North Carolina, na aliporejea Nairobi mwaka uliofuata alikuta faida ya mboga imezaa kliniki. Tabitha alikuwa akitibu wagonjwa nyumbani kwake, katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Alifariki mwaka 2004. Kliniki haikufa naye. Ilipata jengo lake, na jina la Tabitha likabaki juu yake.

Wengi husimulia kisa hiki kusifu zile dola 26. Sifa hiyo imekosea njia. Fedha zilinunua mboga tu. Wagonjwa waliletwa na kitu kingine. Aliyebisha hodi pale alibisha kwa jirani. Muuguzi anayepanga foleni ya maji na wagonjwa wake, na kununua sukuma wiki kwenye kibanda kimoja nao, hawezi kumfokea mama asubuhi kisha jioni apishane naye kichochoroni bila haya.

Tumtazame basi mama wa Kisumu Ndogo, kimojawapo cha vijiji vya Kibera. Uchungu umemshika saa nane za usiku. Mumewe anahesabu haraka haraka: kichochoro kina giza na utelezi, gari haliingii hadi mlangoni, hospitali ya Mbagathi yataka nauli. Hesabu hizo zote zina jawabu, maana majirani watachanga na vijana watasindikiza. Hesabu ya mwisho hufanywa na mama mwenyewe, kimya kimya: nikifika, nitapokewaje? Akikumbuka alivyosutwa mbele ya watu safari iliyopita kwa kukosa pamba, atasema aitwe mkunga wa jirani. Damu ikimwagika kupita kiasi, mkunga huyo hana dawa wala chupa ya damu.

Hofu hiyo si deko. Utafiti uliopewa jina la Heshima, ulioongozwa na shirika la Population Council katika vituo 13 vya afya nchini Kenya, uliwauliza akina mama waliotoka kujifungua. Mmoja kati ya watano alisema amedhalilishwa kwa namna fulani: kutukanwa, kupuuzwa, kufunuliwa mbele za watu, hata kupigwa au kuzuiliwa kwa sababu ya deni.

Lakini Heshima haikuishia kwenye kulaumu. Wauguzi walifundishwa upya, wakapewa pia watu wa kuwasikiliza wao wenyewe, kwa kuwa anayeona watoto wakifia mikononi mwake naye huumia. Vituo vikafungua milango kwa siku maalumu, wanakijiji wakaingia wodi ya wazazi, wakaona vitanda na kuuliza maswali wasiyothubutu kuuliza wakiwa na uchungu. Waliolalamika wakapungua kutoka asilimia 20 hadi 13. Hiyo 13 bado ni aibu, ila imeonyesha kuwa upole hufundishika, na wale wanaosema muuguzi mkali huzaliwa mkali wanajitafutia udhuru.

Kuna watakaosema: muuguzi mmoja, wagonjwa mia, mshahara umechelewa, utamdai tabasamu? Hoja hii ina uzito. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma kwa takriban miezi mitano. Mwaka huohuo Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa Kibera tangu 1997, waliikabidhi Kaunti ya Nairobi kituo cha Kibera South. Mzigo ulihamia kwa kaunti, na kaunti isiyolipa watu wake kwa wakati inapanda ukali ambao mgonjwa ndiye atakayeuvuna. Hata hivyo mama aliye kwenye benchi si yeye aliyechelewesha mshahara. Kumwita mtu kwa jina lake badala ya “wewe wa mwisho”, kuvuta pazia kabla ya kumpima, kumweleza sindano hii ni ya nini: hayo hayangoji bajeti.

Na mtu asidhani haya ni mapambo. Mgonjwa wa kifua kikuu humeza dawa miezi sita. Mwenye virusi vya UKIMWI humeza zake maisha yake yote. Kila mwezi ana nafasi mpya ya kutorudi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwenye kliniki mgeni ndiye anayetaka kupona, na hatapona mahali anapoogopa kurudi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Haisemi kiwango hicho ni cha mitaa ya kitajiri kama Karen au Lavington peke yake. Basi wewe wa Kisumu Ndogo, kituo chako kina kamati yake, na wanakijiji huketi humo. Jua wajumbe ni akina nani, uwadai siku ya kufungua wodi. Ukisutwa, peleka tarehe na saa, usipeleke uvumi. Na ukipokewa vizuri, rudi umtaje muuguzi huyo mbele ya mkuu wake, yeye akiwepo asikie.