Bi harusi, usianze na samaki asiyekula



Leo naweka shela na vitambaa pembeni kidogo. Kazi ya kushona mapazia inaniingiza kwenye nyumba za maharusi kabla hata bi harusi mwenyewe hajaingia, kwa hiyo naona kila kinachopangwa humo. Zamani ukumbi ulikuwa makochi, zulia na kabati la vyombo, basi. Siku hizi wako wanaotaka na tangi la samaki. Tena hawataki la maji matamu, wanataka la maji ya bahari, lenye samaki wa rangi kama wale ambao wageni wanapanda boti kwenda kuwatazama Mnemba.

Sina ugomvi na tangi. Tangi zuri linatuliza roho, na kutazama viumbe vya Mwenyezi Mungu kunamkumbusha mtu Muumba wake. Ugomvi wangu uko kwa samaki anayechaguliwa. Nasema hivi: kama hilo ndilo tangi lako la kwanza, usiweke samaki mgumu kulishwa, hata awe mzuri vipi, na hata kama bwana harusi ndiye anayelipa.

Ruhusa ipo na sharti lipo

Kufuga kiumbe kwa kujifurahisha hakukatazwi. Tunakijua kisa cha Abu Umayr, mtoto mdogo aliyekuwa na kijidege chake cha kuchezea. Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania na kumuuliza habari za kijidege hicho, wala hakumkemea kwa kukifuga. Wanazuoni wengi wameichukua hapo ruhusa ya kufuga ndege na mfano wake.

Lakini tunakijua pia kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, kimo katika Bukhari na Muslim. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe. Angalieni vizuri kosa lake lilikuwa wapi. Hatukuambiwa kwamba alimpiga wala alimchoma. Alimfungia mahali ambapo chakula kilitegemea mkono wake, na mkono wake haukutoa.

Samaki kwenye kioo yuko vivyo hivyo. Ana kuta nne za kioo, hana mwamba wa kwenda kudonoa na hana pa kukimbilia. Basi swali la mwanzo dukani lisiwe bei wala rangi. Liwe hili: huyu anakula nini, na mimi ninacho?

Wazuri zaidi ndio wagumu zaidi

Tumchukue kipepeo. Huyu ni samaki wa kwetu, yupo kwenye matumbawe ya Unguja na Pemba, bapa kama sahani, mdomo mdogo umechongoka. Maharusi wanampenda kwa sababu vipepeo wengi hutembea wawili wawili, na mtu akiwaona anaona picha ya ndoa yake. Lakini wako vipepeo ambao chakula chao ni matumbawe yaliyo hai, hawana kingine. Ule mdomo umeumbwa kudonoa viumbe laini vidogo vidogo vilivyomo kwenye tumbawe. Ukimtilia chakula cha kopo anakitazama kikipita. Ukimtilia kamba aliyekatwakatwa anageuka. Utampa nini sasa? Utamletea tumbawe hai kila wiki ale kama mkate?

Yuko mwingine anaitwa mandarini, anatoka Bahari ya Pasifiki. Ana buluu na michirizi ya rangi ya chungwa, ukimwona utadhani amedariziwa kwa mkono. Huyu kutwa nzima anadonoa wadudu wadogo mno kwenye mawe, mmoja mmoja. Tangi jipya halina wadudu hao wa kumtosha. Linatakiwa tangi lililokaa muda mrefu, lenye mawe mengi, ndipo apate riziki yake.

Farasi wa baharini ndiye anayependwa kuliko wote. Hana meno na hana tumbo la kuhifadhi chakula, kinapita haraka, kwa hiyo anataka kulishwa mara kadhaa kwa siku. Hawezi kukimbilia chakula, na ukimchanganya na samaki wepesi watakimaliza yeye akiwa bado anakitazama. Tena tangu 2004 biashara yake baina ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, kwa hiyo anayekuuzia bila maelezo ya alikomtoa, muogope.

Na yule mwenye mapande meusi, meupe na manjano na uzi mrefu mgongoni? Kama mmetazama na watoto ile filamu ya Finding Nemo ya 2003, ndiye Gill, kiongozi wa wenzake kwenye tangi la daktari wa meno. Kwenye filamu anaishi na kupanga njama za kutoroka. Kwenye matangi ya kweli wengi wa aina yake wanakataa kula na kufa.

"Atazoea tu"

Hili neno wauzaji wanalipenda. Mpe siku mbili tatu, atazoea. Wapo samaki wanaozoea, sikatai. Lakini kwa kipepeo wa matumbawe tutazame kilichotokea baharini kwenyewe. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yakageuka meupe na kufa. Matumbawe yalipokufa, vipepeo wanaoyategemea wakapungua. Walikuwa kwao, baharini, wamezungukwa na vyakula vya kila namna, na bado hawakuweza kubadilisha chakula. Leo tunataka wabadilishe kwenye ukumbi wa nyumba ya Mwanakwerekwe?

Tatizo jengine ni kwamba samaki halii. Paka mwenye njaa anakusumbua miguuni, mtoto mwenye njaa anaamsha mtaa. Samaki anakonda kimya. Anaendelea kuogelea, rangi yake bado inang'aa, wageni wanaendelea kumpiga picha. Ukitaka kujua, mtazame tumbo limeingia ndani na nyama ya mgongoni nyuma ya kichwa imekwisha. Ukiyaona hayo, ujue njaa imeanza siku nyingi.

Najua kuna shoga atasema: mbona samaki huyo huyo tunamkaanga? Kweli, na ni halali. Mvuvi anamtoa, tunamla, anakuwa riziki ya watu. Huyu wa tangini hakuliwa na wala hakuachwa aishi. Amekaa wiki tatu anakufa njaa ili ukumbi upendeze. Na pesa iliyomnunua, je? Akifa ananunuliwa mwingine, naye akifa mwingine tena. Hiyo ni israfu juu ya dhulma.

Harusi ina tarehe, maji yana muda wao

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni haraka. Tangi linaletwa Jumatano, samaki wanaingia Alhamisi, nikahi Ijumaa. Maji ya tangi hayafuati ratiba hiyo.

Samaki anapojisaidia, na chakula kinapobaki na kuoza, inatoka amonia, nayo ni sumu kwake. Baharini inapotea kwenye wingi wa maji. Tangini inabaki pale pale mpaka waote bakteria wazuri kwenye mawe, mchanga na chujio. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Katika muda huo hakuna haja ya samaki ndani. Kipande cha kamba mbichi kikiachwa kioze kinatosha kuwalisha bakteria.

Kwa hiyo bi harusi anayetaka tangi siku ya harusi, alianzishe miezi miwili kabla. Na kama muda umepita, aliache likae na maji na mawe yake, samaki waje baada ya fungate. Hivi nani atamlisha samaki mgumu mara tano kwa siku wakati mwenyewe yumo ndani analishwa na kusingwa? Wifi? Mama mkwe?

Halafu uko umeme. Walio na umri wangu hawajasahau Unguja ilivyokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Si lazima yarudi ya miezi mitatu. Saa chache tu pampu ikizimika hewa inapungua kwenye maji, na samaki aliyekwishadhoofika kwa njaa ndiye anayetangulia kufa. Ukinunua tangi, nunua na pampu ndogo ya betri.

Basi aanze na nani?

Kwenye kozi yangu ya ushoni hatukuanzishiwa shifoni. Tulipewa marekani, kitambaa kinachotulia mezani na kuvumilia mkasi wa mwanafunzi. Satini ikaja baadaye, lesi baadaye zaidi, na shifoni inayoteleza ikaja mwisho. Tena kitambaa kikiharibika tunakata tandiko. Hapa tunazungumzia roho.

Marekani ya maji ya bahari ni yule samaki wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, Nemo mwenyewe. Wengi wanaouzwa katika biashara hii huzalishwa na kulelewa kwenye matangi, wamezoea chakula cha punje tangu wadogo, na hawakuchukuliwa kwenye mwamba. Wawili wanatosha kwa mwaka wa kwanza. Na ukitaka sura ya mume na mke, wao pia huishi dume na jike, na wanakula!

Tangi lisiwe dogo. La lita 200 ni rahisi kulitunza kuliko la lita 40, kwa sababu maji mengi hayabadiliki ghafla. Chumvi iwe kama ya bahari, kiasi cha gramu 35 kwa lita, na ununue kipimo chake, usionje kwa ulimi. Ukichota maji ya bahari, yachote mbali na bandari na mitaro, maji yakiwa yamejaa na ni safi. Maji yakipungua kwa joto ongeza maji matamu safi, usiongeze ya chumvi, maana kinachopanda hewani ni maji na chumvi inabaki. Huku kwetu baridi haitusumbui, joto ndilo adui. Maji yakae kwenye nyuzi 25 hadi 27 hivi. Usiliweke tangi dirishani, na siku za kaskazi washa feni ipulize juu ya maji.

Na dukani, kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji maneno mawili: "Mlishe nione." Akila mbele yako, mwambie amweke wiki moja, urudi umwone akila tena. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika amekwishakujibu.

Mama wa bi harusi, nawe una nafasi yako hapa. Tunakaa na mabinti zetu tunawafunza kupika, kupamba chumba na kumkaribisha mume. Tuwafunze na hili, kwamba kila kinachoingia nyumbani chenye roho kina haki ya kula kabla hakijawa pambo. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tangi lenye samaki wanaosinyaa ni mkakasi huo huo.

Wale vipepeo wawili wawili waacheni kwao. Ukiwa na hamu nao mwambie mumeo akupeleke Chumbe, ambako mwamba umehifadhiwa tangu 1994 na hakuvuliwi. Mtawaona wakiwa wameshiba.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zenu mpya, awape mapenzi na huruma baina yenu, na huruma hiyo iwafikie na wasioweza kusema. Amin.

Wabillahi tawfiq.