Redio ya Jamii na Ardhi ya Kilosa



Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kabla ya silaha yalikuwapo manung'uniko ya mazao kuliwa na ng'ombe kukamatwa, na kila upande ulinung'unika kivyake.

Ndiyo maana naipa uzito redio ya jamii. Lakini mara nyingi vipindi vya namna hii humpa kiongozi saa nzima, na mwananchi dakika mbili za kupiga simu. Mkulima na mfugaji waketi meza moja. Na mzee wa Kimasai ambaye Kiswahili chake ni kizito apewe mkalimani. (Watasema muda hautoshi. Mbona wa salamu upo?)

Tena yaulizwe mambo yenye jibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Je, mkutano huo uliitwa lini? Muhtasari wake uko wapi? Huko Mikumi, penye mashamba jirani na Hifadhi ya Taifa, swali ni kifuta jasho cha mazao yaliyoliwa na tembo: madai yamekwama meza ya nani?

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, sikilizeni pamoja na waamini wenu, andikeni maswali, kisha myapeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti asipouitisha, hilo nalo lisemwe redioni.