Kasa si mfugo

Anayemtibu ng'ombe, Kiswahili sanifu kinamwita daktari wa mifugo. Je, anayemtibu kasa aliyemeza ndoana? Kule Watamu, pwani ya Kenya, shirika la Local Ocean Conservation linawatibu kasa wa namna hiyo, na hakuna aliyewafuga. Huku kwetu Butembo tunasema munganga wa nyama. Naona jina letu limelishinda la sanifu, hata kama "nyama" yetu inabeba mnyama na kitoweo pamoja (kasa angejua, asingefurahi).

Lakini hoja yangu nzito iko kwenye kitenzi. Tukitafsiri maelekezo ya kumwokoa, tunaandika haraka "toa ndoana". Mvuvi akisoma hivyo, atavuta mshipi. Na mshipi ndio hatari kubwa: ndoana ikinasa kooni na uzi ukashuka tumboni, utumbo unaendelea kusukuma, unajikunja juu ya uzi kama kitambaa kilichovutwa nyuzi, hata unaweza kuchanika. Kuvuta kunaongeza kidonda. Daktari hupiga radio kwanza, kisha, ikibidi, hupasua. Kazi ya mvuvi ni kukata mshipi, aache kipande kinachoonekana nje, na kumfikisha kasa kwa mtaalamu.

Kutoa, kuvuta, kung'oa, kuchomoa, kukata: darasani tunavipanga kama visawe. Ningependa zoezi letu la tafsiri lifanyike Kyavinyonge, ufukweni mwa Ziwa Édouard, wenye ndoana wakiwa ndio wasahihishaji.