Mshipa wa moyo ulioziba kabisa: maswali kabla ya kuuza kiwanja

Huku Goma, Bukavu ao Bunia, karatasi ya munganga yenye kusema mshipa wa moyo umeziba mia kwa mia inaweza kuitia jamaa nzima mbioni. Kiwanja kinatafutiwa mnunuzi, deni linachukuliwa, mgonjwa anavushwa mpaka kwenda Kampala, Nairobi ao India. Kwa mtu aliyeshikwa na kifua kwa ghafla, mbio ni lazima. Lakini mshipa ulioziba tangu miezi 3 ao zaidi ni jambo lingine. Mara nyingi mwili umekwisha kujitafutia njia: mishipa midogo inapitisha damu kando ya kizuizi, kama watu wanavyopita porini daraja likianguka.

Kuufungua bila kupasua kifua kunawezekana. Munganga anaingiza mpira mwembamba kupitia mkono ao paja, anapenyeza waya, puto linapanua, kisha kijibomba cha chuma, stenti, kinashikilia. Andreas Grüntzig alianza kazi ya puto Zurich mwaka wa 1977, kwenye mshipa uliokuwa umebanwa tu. Ulioziba kabisa unakataa waya, na pengine munganga analazimika kuuzungukia kwa nyuma kupitia ile mishipa midogo. Ni kazi ya saa nyingi, na waya unaweza kutoboa mshipa.

Faida yake? Utafiti wa EUROCTO, uliotangazwa mwaka wa 2018 kwa wagonjwa 396, ulionyesha maumivu ya kifua kupungua kuliko kwa dawa peke yake. Hiyo si faida ndogo kwa mama asiyeweza tena kupanda kilima. Lakini DECISION-CTO, wa mwaka wa 2019 huko Asia, haukuona vifo kupungua. Ni kweli ulisimamishwa kabla ya kufikia hesabu ya wagonjwa iliyopangwa. Hata hivyo, anayeiambia jamaa kwamba bila stenti mgonjwa huyo atakufa kesho anaitisha bure.

Jamaa ina haki ya kuuliza: maumivu yanaendelea hata kwa dawa? Nyama ya moyo pale ingali hai? Munganga huyo anafungua mishipa ya namna hiyo mara ngapi kwa mwaka? Na baada ya safari, pesa za dawa zitabaki? Stenti inadai dawa mbili za kuzuia damu isigande, kila siku, kwa miezi. Mgonjwa akiziacha mapema kwa kukosa pesa, damu inaweza kuganda ndani ya stenti, na safari hii kwa ghafla.